Mizabibu ya Kichwa Ngumu

Watu wa Médoc, kule Ufaransa kwenye mizabibu, wana ugonjwa mmoja usio na dawa. Kila mmoja anaamini mvinyo wa jirani yake ungekuwa mzuri sana kama jirani huyo angekubali kushauriwa. Lakini likitajwa Kasri la Cazaubrac, hata wenye ndimi kali hupunguza sauti. Miaka mia mbili na sabini ukoo uleule, kokoto zilezile, mto Gironde ukipita chini ya shamba bila haraka, na mvinyo mwekundu ambao maaskofu wamewahi kuugombania mahakamani. Mtu aliyeajiriwa pale hakuambii kwamba anafanya kazi shambani. Anakwambia, "Mimi niko Cazaubrac," kisha ananyamaza, akikusubiri uelewe mwenyewe.

Solange Darrouzet alikuwa Cazaubrac tangu akiwa tumboni. Baba yake, mzee Fernand, alikuwa msimamizi wa mizabibu mpaka magoti yalipomstaafisha. Yeye Solange alianza kwa kusugua mapipa, akapanda ngazi moja moja, na sasa, akiwa na miaka hamsini na miwili, ndiye aliyekuwa mkuu wa ghala la mapipa, mwanamke wa kwanza kushika ufunguo ule. Alipokabidhiwa, miaka kumi na minne nyuma, wakuu wa maghala ya jirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema sasa mapipa ya Cazaubrac yatavishwa shanga. Baada ya miaka miwili walikuja kuonja na hakuna aliyecheka. Mmoja aliomba aongezewe, akijifanya hajaipata ladha vizuri.

Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Lakini asubuhi ile ya Februari, mwaka 1998, alisimama mlangoni mwa chumba cha kuonjea, ghorofani, akaifunga aproni yake upya mara tatu kabla ya kuingia.

Sababu ilikuwa Bwana Kerbrat, mtaalamu wa mvinyo aliyeletwa kutoka mjini Bordeaux na Aymeric, mtoto wa mwenye kasri. Kerbrat hakuwa mtu mbaya. Tatizo alizaliwa Bretani, kwa watu wanaokunywa maji ya tufaha yaliyochacha, na huko Médoc kosa hilo halisahauliki hata ukiwa na shahada tatu. Alipima udongo, akapima majani, akapima hewa, halafu akaandika ripoti: kipande cha Kichwa Ngumu king'olewe chote, kipandwe zabibu aina ya merlo.

Kichwa Ngumu kilikuwa kipande kidogo, hekta moja na kitu, juu ya kokoto zinazotazama mto. Mwaka 1956 baridi ilishuka Médoc ikaua mizabibu iliyokuwa ikizaa tangu enzi za mababu. Mashina yalipasuka kwa mlio wa bunduki, na wanaume wazima walilia wameyashika. Wakati wa kupanda upya kila mtu alipanda merlo, zabibu isiyosumbua. Fernand naye aliamriwa apande merlo. Akapanda petiverdo, zabibu ndogo nyeusi tii, yenye ngozi nene, inayochelewa kuiva hata mwaka mbaya ukiisha haijaiva kabisa. "Itachelewa," alimwambia tajiri wake, "lakini siku itakapofika utainuka uipishe." Marehemu Bwana de Cazaubrac alikaa mwaka mzima bila kumsalimia, na ni yeye aliyekibatiza kipande kile jina, akimsema Fernand, wala si mizabibu. Solange alikuwa na miaka kumi. Alibeba vipandikizi kwenye gunia lililoloweshwa, akimfuata baba yake mstari kwa mstari, vidole vimekufa ganzi.

Mizabibu ile ilipozaa, tajiri aliinuka kweli. Tangu hapo, kila mwaka ilipoiva, sehemu nne katika mia za petiverdo ziliingia kwenye mvinyo mkuu wa Cazaubrac. Sehemu nne tu. Ni kama chumvi, hujui ipo mpaka ikosekane.

"Miaka mitatu katika kila kumi hamvuni kitu pale," Kerbrat alisema siku alipoisoma ripoti yake mbele ya watu. "Hiki si kilimo. Haya ni mapenzi."

"Na wewe ulizaliwa kwa kilimo?" akauliza Etcheverry, Mbaski aliyerithi kazi ya Fernand. Watu waliangua kicheko, Kerbrat naye akacheka, maana hakuwa na kinyongo.

Lakini Madam Ghislaine hakucheka. Alikuwa mjane wa yule tajiri, mama wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mnyoofu, na neno lake lilikuwa halirudiwi. "Aymeric anataka king'olewe, Solange anataka kibaki, na wote wawili nawapenda," alisema. "Kwa hiyo sitawasikiliza. Meza itaamua. Solange achanganye mvinyo wa aina mbili, mmoja wenye petiverdo, mwingine merlo mahali pake. Mvinyo wenye petiverdo ukishinda, mizabibu inabaki maisha yangu yote na ya Aymeric. Ukishindwa, trekta lije mwezi wa tatu."

Meza ya Cazaubrac ilikuwa na sheria zake, za zamani kuliko reli. Pale hawakuonja kwa majina. Mpishi, Maïté, ndiye aliyepewa chupa zenye vibandiko, peke yake jikoni, akazivalisha soksi za sufu za marehemu tajiri, kila soksi na namba yake. Mvinyo ambao mabalozi hununua kwa kupanga foleni ulifika mezani umevaa soksi, na hakuna aliyeona ajabu. Waonjaji walikuwa watano. Hakuna kusifu, hakuna kukunja uso. Kila mmoja aliandika namba ya mvinyo aliouona bora kwenye kibao cha chaki, akakilaza kifudifudi. Juu ya hayo yote ilikuwepo sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtoto wa pale aliijua: mezani unaandika kilichomo kinywani, huandiki kilichomo moyoni. Aliyeandika moyo wake huinuka, wala haketi tena mpaka aitwe. Wa mwisho kuinuka alikuwa ami wa marehemu tajiri, aliyekipigia kura kipande chenye jina la mkewe. Aliishi miaka thelathini baadaye na hakuitwa.

Basi wakaketi: Madam, Aymeric, Kerbrat, Etcheverry na Solange. Maïté alimimina kutoka soksi ya kijivu, namba moja, kisha kutoka soksi ya bluu, namba mbili, akatoka bila kumtazama mtu.

Solange alianza na ya kwanza. Ilikuwa nzuri. Cazaubrac hapakuwa na mvinyo mbaya, ni suala la nzuri na nzuri zaidi. Ilikuwa laini, tamu ya tunda, ikateleza kooni na kwaheri. Akasukutua kinywa kwa maji, akainua ya pili, na kabla haijagusa mdomo alijua. Maua ya urujuani. Chuma kilichonyeshewa. Ile harufu aliyokua nayo, iliyokuwa ikiganda kwenye koti la baba yake kila mwezi wa kumi. Alipoinywa, mvinyo ule haukuteleza. Ulisimama katikati ya ulimi kama mwenye nyumba, ukakaa, ukakaa tena, na ulipoondoka uliacha mlango wazi.

Ya pili ilikuwa bora. Ilikuwa bora bila ubishi, bora kuliko yoyote aliyowahi kuchanganya kwa mikono yake, na alijisikia kiburi mpaka masikio yakamwaka moto.

Na hapo ndipo hofu ilipomvamia. Alimwona Aymeric akimtupia jicho la pembeni. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na nani asiyejua ngozi hii ni ya nani? Aliona watu wa maghala ya jirani wakicheka tena, safari hii kwa haki: binti wa Fernand ameiokoa mizabibu ya Fernand. Tena akajiuliza jambo baya zaidi. Je, ni ulimi unaosema, au ni yule mtoto wa miaka kumi mwenye gunia? Miaka kumi na minne ya heshima ilikuwa imekalia ulimi huu tu. Solange aliogopa kuvutia kwake, akavutia upande wa pili kwa nguvu zote, mpaka ngozi ikachanika. Aliandika moja, akakilaza kibao.

"Vigeuzeni," akasema Madam.

Madam, mbili. Etcheverry, mbili. Aymeric, moja. Kerbrat, moja. Solange, moja.

Tatu kwa mbili. Madam Ghislaine alinyoosha mkono kuivua soksi ya kijivu, na Solange alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Madam, usiivue."

Mkono ukabaki hewani.

"Nilichoandika si kilichomo kinywani mwangu. Niliandika moyo."

Etcheverry alifumba macho. Aymeric aligeuka rangi. Ni Kerbrat tu, mgeni, aliyeangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumweleza.

"Unalijua unalolisema?" akauliza Madam, taratibu.

"Nalijua."

"Basi inuka."

Solange akainuka. Hapo hapo akaliona shimo alilojichimbia. Wote walikuwa wamekiona kibao chake kimeandikwa moja. Wote walidhani glasi ya kwanza ndiyo ya Kichwa Ngumu, kwamba aliitambua ya baba yake akaibeba. Angeweza kuwasahihisha kwa neno moja, lakini neno hilo lingezivua chupa nguo, na hapo kusingekuwa na kura tena, kungekuwa na mabishano tu. Akauma ulimi. Acha wamwone mwizi.

"Kura zimebaki mbili kwa mbili," akasema Aymeric. "Mama, uamue wewe."

"Nimekwisha kupiga kura yangu, sina ya pili. Zikilingana, chupa zinakwenda kwa watu." Madam alisimama. "Babu wa baba yako alikuwa akisema, ulimi ukiulizwa hudanganya, koo haliulizwi. Maïté atafungua chupa kubwa mbili, kila mvinyo moja, zenye soksi zilezile. Itakayokwisha kwanza mezani kwa wafanyakazi ndiyo Cazaubrac. Na juu ya chupa hizi mtu asifungue kinywa ila kwa kunywa."

Ilikuwa saa ya chakula. Wakata-mizabibu walikuwa wanarudi kutoka shambani, wamevaa makoti mazito, pua nyekundu, mikasi ikining'inia mikandani. Solange alikwenda bombani kunawa uso. Etcheverry alimfuata.

"Kumbe mimi nimeipigia kura ya Mbretani," alisema kwa uchungu. "Miaka kumi na mitano naipogoa mizabibu ile, halafu koo langu linaisaliti. Wewe angalau ulijitahidi. Angekuwa ni baba yangu, ningeandika vilevile."

Alimpiga bega kwa upole. Solange aliinamia maji ya baridi. Hakuna matusi yangeweza kumuuma kama huruma ile.

Meza ya wafanyakazi ilikuwa ndefu, ya mwaloni, imetoboka kwa visu vya vizazi. Walikaa watu kumi na wanne, na pamoja nao wakubwa, maana siku ya kulingana hakuna jikoni mbili. Mwishoni, karibu na moto, alikaa mzee Fernand, miaka themanini na mitatu, kofia kichwani. Wastaafu wa Cazaubrac wana haki ya sahani mpaka kufa, na Fernand hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipoe. Hakuna aliyemwambia kilichotokea ghorofani. Aliziona tu zile soksi.

"Ahaa," akasema. "Wakubwa wameshindwa kukubaliana."

"Kula, mzee," akasema Maïté.

"Nakula. Nani kasema sili?"

Ilianza supu, ya kabichi na maharage. Watu wenye baridi hutaka kitu laini, na mikono ilikwenda kwenye soksi ya kijivu. Mmoja akamimina, jirani akaipokea, ikapita, ikarudi. Ya bluu ilionjwa na wawili watatu, wakaiweka chini. Solange alikuwa amejimiminia maji. Alikaa akizitazama chupa jinsi mama anavyotazama watoto wakicheza karibu na kisima.

"Sola, leo maji?" akamchokoza mmoja wa wakata-mizabibu, Marinette, mama wa maneno mengi. "Umeokoka au una mimba?"

"Kwa umri huu ingekuwa habari ya gazeti," akajibu Solange, na watu wakacheka, naye alicheka nao.

Kisha akamwona baba yake. Fernand alikuwa amebakiza supu kidogo chini ya bakuli, na alitaka kufanya kama wazee wote wa kule wafanyavyo, kumwaga mvinyo humo, kuzungusha, na kunywa bakulini. Alivuta ya bluu karibu na pua. Aliinusa mara moja. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akairudisha mahali pake, akavuta ya kijivu, akamwaga kwa ukarimu kwenye bakuli.

Solange alitaka kulia. Ameijua, alijiambia. Haiwezekani asiijue. Ameijua na ameiacha.

"Mzee, unamwaga mvinyo wa mabalozi kwenye maharage," akasema Aymeric.

"Mabalozi hawajui kula," akasema Fernand, akainua bakuli kwa mikono miwili, akanywa hadi chini.

Supu ilipokwisha, chupa ya kijivu ilikuwa imeshuka nusu. Ya bluu ilikuwa bado mabegani. Kerbrat alikuwa akizikagua kwa macho ya mtu wa hesabu, na Etcheverry alikuwa akimega mkate bila kuula. Solange aliona trekta. Aliliona kabisa, rangi yake ya kijani, meno yake yakiingia chini ya mashina.

Ndipo Maïté alipoingia na nyama. Mapande mazito ya ng'ombe, yamechomwa juu ya vijiti vya mizabibu vilivyokatwa wiki ileile, mafuta bado yanachemka, vitunguu vidogo vimenyunyizwa juu. Watu walikata, wakatafuna, wakanywa kilichokuwamo kwenye glasi zao, cha kijivu. Marinette alitafuna, akanywa, akaitazama glasi yake kwa mashaka, kama iliyojazwa maji na mtu asiyemwona.

"Huu umeenda wapi?" akasema.

Hakungoja jibu. Alinyoosha mkono juu ya mkate na chumvi, akachukua ya bluu. Alikunywa. Akafumba macho, akatafuna tena, akanywa tena, na kwa mara ya kwanza tangu Maïté aanze kuwapikia, Marinette alikaa dakika nzima hana la kusema.

Kimya hicho watu walikiona. Jirani yake akamnyang'anya chupa. Kisha jirani wa jirani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na chupa ile ilijiuza kutoka mkono hadi mkono, watu wakiidai kutoka upande wa pili wa meza, "leta huku," "umeshapata wewe," "hujaioa, waachie na wengine." Mafuta ya nyama yalikuwa yanahitaji kitu cha kusimama nayo, na kitu hicho kilikuwa humo. Ya kijivu ilibaki nusu, imesimama karibu na mkate kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuna aliyeisema vibaya. Hakuna aliyeigusa.

Solange alihesabu mimimino kwa kuitazama pembe ya chupa. Mara ya mwisho ilikuwa imelala karibu kabisa. Ilimfikia Kerbrat. Yule bwana, ambaye alikuwa na hakika kwamba anakunywa merlo yake aliyoitetea, aliigeuza juu chini, akaitikisa, tone la mwisho likadondoka.

"Imekwisha," alisema, na akatabasamu. "Na mnaona wenyewe, mabwana. Mvinyo wa kisasa."

Madam Ghislaine aliweka kisu chini. Alivuta soksi ya bluu taratibu, jinsi unavyomvua mtoto aliyelala. Kibandiko kilikuwa cha mwandiko wa Solange mwenyewe. Madam aliusoma kwa sauti. "Pamoja na Kichwa Ngumu. Sehemu nne."

Watu kumi na wanne hawakujua kwa nini wakubwa wamekuwa mabubu ghafla. Walimwona Etcheverry akiweka paji la uso mezani na mabega yake yakitikisika, wasijue analia au anacheka. Kerbrat aliitazama glasi yake muda mrefu. Halafu akainywa yote, kwa adabu, akiwa amesimama.

"Madam," alisema, "ripoti yangu naomba niirudishe mjini. Koo langu halikuisoma."

"Mbretani amebatizwa," akasema mtu, na meza ikalipuka kwa vicheko.

Lakini Madam alikuwa anamtazama Solange. Aymeric pia. Sasa walikuwa wameelewa, na Aymeric, ambaye tangu asubuhi alikuwa amemhesabu mwizi, aliona haya mpaka shingoni.

"Uliandika moja," akasema Madam. "Uliijua ya baba yako, ukaikataa."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mtasema navutia kwangu. Nilisikia kinywa changu kikisema mbili, nikakiziba." Alimeza mate. "Ilikuwa bora kwa mbali sana."

"Na ukatuacha tukudhanie vibaya chakula kizima."

"Ningesema, chupa zingekuwa zimesema."

Wote waliokuwa pale walidhani Madam angemkumbatia, na huenda alitaka. Lakini Cazaubrac haijafika miaka mia mbili na sabini kwa kukumbatiana. "Kuikataa ukijua ni nzuri ni uongo sawasawa na kuisifu ukijua ni mbaya," alisema. "Ulimi wako si mali yako hapa, Solange. Ni mali ya nyumba. Uliinyima nyumba mali yake kwa ajili ya jina lako. Mwaka mmoja hutaketi mezani. Mwaka wa pili nitakuita, nikiwa hai. Nikifa, Aymeric atakuita, na hilo analisikia sasa hivi."

"Nasikia, Mama," akasema Aymeric.

"Sawa, Madam," akasema Solange. Alishangaa kuona kwamba kichwa chake kilikuwa juu. Mizabibu ilikuwa imebaki, adhabu ilikuwa ya haki, na ilikuwa imetolewa kwa mtu ambaye ulimi wake una thamani ya kuadhibiwa. Hakuna mtu anayemwinua mezani asiyejua kuonja.

Baada ya chakula alimsindikiza baba yake hadi nyumbani, hatua mia mbili ambazo magoti yale yaliziita safari. Walikuwa wamefika kwenye ukuta wa bustani Solange aliposema.

"Baba, uliijua."

"Nisiijue vipi? Niliipanda."

"Na ukanywa nyingine. Ukaimwagia supu. Nilitaka kukupiga na mkate."

Fernand alisimama, akaegemea fimbo. "Mwenye mtoto hahukumu watoto wakishindana. Anakaa kando anakula karanga. Ile ingekwisha kwa koo langu, ningekufa bila kujua kama ni nzuri au ni yangu tu." Alimtazama bintiye. "Wewe ulipewa kibao, hukuweza kukaa kando. Haya, niambie. Ulipoinywa kule juu, kinywa kilisema nini?"

"Kilisema ni bora kuliko zote, Baba. Kuliko ya mwaka wowote."

"Halafu ukaandika nyingine."

"Nikaandika nyingine."

"Halafu ukainuka mwenyewe ukasema."

"Nikasema."

Mzee alitafuna midomo. Katika miaka hamsini na miwili Solange hakuwahi kusikia sifa ikitoka pale, na siku ile pia haikutoka. "Kinywa ulikipata kwangu," alisema hatimaye. "Huo woga sijui ni wa nani. Labda wa upande wa mama yako." Akaendelea kutembea.

Jumapili, misa ilipokwisha, Solange alichelewa kutoka kanisani. Alipofika mlangoni aliona wazee wa kijiji wamezunguka, wakuu wa maghala wastaafu, fundi wa mapipa, wale wote waliowahi kucheka, na katikati yao baba yake, kofia imesukumwa nyuma, fimbo ikichora hewani. Alikuwa ameanza hadithi hiyo tangu Alhamisi, kwenye duka la mikate, kwa kinyozi, na kwa kila aliyesimama karibu naye vya kutosha.

"Binti yangu ameinuliwa mezani Cazaubrac," alikuwa akisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Mwaka mzima. Wenu huwa wanafukuzwa kwa wizi na kwa ulevi. Niambieni, ni wa nani mwingine hapa aliyewahi kufukuzwa kwa sababu alijisema mwenyewe?"

Fundi wa mapipa, ambaye mwaka ule wa kwanza ndiye aliyecheka kuliko wote, alimwona Solange mlangoni. Akavua kofia. Wengine nao wakavua, mmoja baada ya mwingine, na Solange akapita katikati yao, akamshika baba yake mkono, wakaenda nyumbani kula.